Bustani ya Kiangazi Hupimwa Mwezi wa Oktoba

Somo la robo mwaka kwa kamati za parokia, vigango na jumuiya





Katika toleo hili tunawaletea somo juu ya bustani ya mboga ya nyumbani wakati wa kiangazi. Tumeliandika kwa kuangalia hali ya Kihesa, hapa Manispaa ya Iringa, ambako viwanja ni vidogo, nyumba zimekaribiana, na maji kwa familia nyingi ni ya bomba yanayolipiwa. Ndugu zetu wa Mbeya wanaweza kulitumia pia, ila wale wa Rungwe ambao hupata mvua karibu mwaka mzima watalisoma kwa ajili ya jirani zao zaidi kuliko kwa ajili yao wenyewe.

Iringa ina msimu mmoja tu wa mvua. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba na kuisha mwezi wa Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi, miezi 6 hadi 7. Lakini kiangazi hiki si kimoja. Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi. Ardhi bado ina unyevu wa masika, jua si kali, na mboga hustawi kwa maji kidogo. Septemba, Oktoba na Novemba ni miezi ya jua kali, upepo na vumbi. Hapo ndipo sukuma wiki hukauka na kuku wa jirani huruka ua kutafuta jani bichi. Hapo ndipo pia bei ya mboga sokoni hupanda, wakati fedha ya mavuno imekwisha kulipa ada na madeni.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Kwa muda mrefu tulihesabu bustani mwezi wa Juni. Ndio mwezi mzuri wa kutembelea vijiji, barabara ni kavu na wageni wengi huja. Tulipiga picha za matuta ya kijani, tukaandika idadi yake, tukaipeleka kwa wafadhili. Taarifa ile haikuwa na uongo ndani yake, lakini haikuwa na ukweli wote. Tulipoanza kurudi kwenye nyumba zilezile mwezi wa Oktoba, tulikuta matuta mengi yamebaki vijiti. Familia ilikuwa imekula mboga katika miezi ambayo mboga hazikuwa shida, na imekosa katika miezi ya shida.

Tangu hapo tumejiwekea kanuni moja, na ndiyo tunayotaka kuwafundisha: bustani ya kiangazi hupimwa mwezi wa Oktoba. Mengine yote katika somo hili yanatokana na hilo.

Kwa nini jambo hili ni zito

Mkoa wa Iringa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi. Mahindi yetu hufika Dar es Salaam na kuvuka mipaka. Pamoja na hayo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2022 ulionesha kwamba katika mkoa wa Iringa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka 5 wana udumavu. Kiwango hicho kilikuwa kikubwa kuliko cha mkoa mwingine wowote. Jirani zetu wa Njombe walikuwa na asilimia 50.4. Kwa nchi nzima ni asilimia 30.

Udumavu maana yake mtoto hakukua kwa urefu unaolingana na umri wake, na mara nyingi hata ubongo wake haukupata nafasi yake kamili ya kukua. Madhara hayo hujengeka zaidi katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapofikisha miaka 2. Sababu zake ni nyingi: chakula cha aina moja, magonjwa ya kuhara, maji na vyoo visivyo salama, mama kufanya kazi nzito akiwa mjamzito, na mtoto kuachwa muda mrefu bila kulishwa mama anapokuwa shambani.

Hatutaki mtu asome hapa kwamba tuta la mboga litaondoa udumavu. Halitaondoa peke yake. Lakini mtoto anayekula ugali au uji mtupu kwa miezi 3 kila mwaka amepoteza miezi 3 katika ile siku 1,000, na miezi hiyo hairudi. Mtoto aliyezaliwa mwezi wa Februari hufikisha miezi 6 na kuanza chakula cha nyongeza mwezi wa Agosti. Miezi yake ya kwanza ya kula itakuwa Septemba, Oktoba na Novemba. Kwa mtoto huyo, mboga ya Oktoba ni sehemu ya msingi wa mwili wake.

Bustani iwe ndogo, na iwe karibu na jiko

Katika Maandiko tunasoma habari za mfalme Ahabu aliyelitamani shamba la mizabibu la Nabothi. Dhambi yake tunaijua. Lakini tuangalie pia sababu aliyoitoa: alitaka kulifanya bustani ya mboga kwa kuwa lilikuwa karibu na nyumba yake. Mfalme alikuwa mdhalimu, lakini juu ya mahali pa bustani alijua alichokuwa akisema.

Sisi hatukujua. Tulipoanza, tulilima bustani moja ya kikundi yenye ukubwa wa robo ekari, mbali na nyumba za wanakikundi. Tupige hesabu pamoja. Katika kiangazi cha Iringa, mita mraba moja ya mboga hupoteza kiasi cha lita 4 hadi 5 za maji kwa siku. Robo ekari ni kama mita mraba 1,000. Kwa hiyo bustani ile ilihitaji hadi lita 5,000 kila siku, yaani ndoo 250 za lita 20. Hakuna kikundi cha akina mama 20 wenye watoto, mashamba na biashara ndogondogo kinachoweza kubeba ndoo 250 kila siku hadi Novemba. Tulidhani akina mama wamekosa moyo. Kumbe tulikuwa hatujapiga hesabu.

Sasa tupige hesabu ya upande wa pili. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 ni mita mraba 4. Linahitaji lita 20 kwa siku, yaani ndoo moja. Katika tuta hilo hukaa miche 16 ya sukuma wiki, mistari miwili, nusu mita kutoka mche hadi mche. Kila mche uliokomaa ukitoa majani mawili tu kwa wiki, mama atachuma majani 32. Hiyo ni mboga ya milo miwili ya familia kwa wiki. Akiwa na matuta mawili, ni milo minne.

Ndiyo maana tunashauri: anzeni na tuta moja. Likifika Oktoba likiwa hai, mwaka unaofuata ongezeni la pili. Mwenye eneo finyu kabisa anaweza kutumia viroba vilivyojazwa udongo na samadi, akaviweka ukutani mwa jiko. Kiroba nacho kihesabiwe maji yake, kwa sababu hukauka upesi kuliko tuta.

Maji yaliyokwisha kufanya kazi moja

Swali la kwanza tunaloulizwa Kihesa ni hili: ndoo hiyo moja itatoka wapi, na maji tunayanunua? Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya ndoo hiyo tayari imo nyumbani, na inamwagwa uani kila siku.

Tunaomba kila familia ifanye zoezi la siku 3. Wekeni ndoo tupu karibu na jiko. Maji ya kuoshea mboga na mchele, maji ya kusuuzia vyombo, maji ya kunawa mikono, na maji ya mwisho ya kusuuzia nguo yaingie humo. Jioni pimeni. Kila nyumba itapata jibu lake, na jibu hilo ndilo litakaloamua ukubwa wa bustani.

Baada ya kuwalisha watu 5,000, Bwana wetu aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia ili kisipotee kitu. Mkate ulikuwa mwingi siku ile, na bado aliagiza hivyo. Nasi tukusanye maji yetu kwa roho hiyohiyo.

Yapo mambo ya kuzingatia katika kutumia maji haya:

1. Yamwagwe kwenye udongo, yasimwagwe juu ya majani.

2. Yasitumike kwa mboga zinazoliwa mbichi, kama karoti na saladi. Hizo zipate maji safi.

3. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo, maji yenye mafuta mengi, na maji yaliyofulia nguo za mtoto mchanga zenye kinyesi yasitumike kabisa.

4. Povu la kwanza la kufulia liachwe. Sabuni ina chumvi, na chumvi ikizidi huugandisha udongo wetu mwekundu. Tumieni maji ya kusuuza.

5. Angalau mara moja kwa wiki tuta lipewe maji safi ili kuisukuma chini chumvi iliyobaki.

6. Maji haya yasilazwe. Yakikaa siku mbili hunuka na kuleta mbu.

Pale ambapo maji ya jikoni hayatoshi, yapo maji ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya bati ni lita moja. Paa la mita mraba 30 likipata mvua moja nzuri ya milimita 40 hutoa lita 1,200. Mvua moja ya Aprili, kama mfereji upo na ni safi, inajaza simtanki ya lita 1,000.

Lakini simtanki hiyo isifunguliwe mwezi wa Juni. Hili tunalisema kwa mkazo. Lita 1,000 ni ndoo 50 tu. Ukizitumia peke yake kwenye tuta moja, zitaisha kwa siku 50. Ukitegemea maji ya jikoni kwa nusu ya mahitaji na kuongeza lita 10 za tangi kwa siku, zitafika siku 100: kutoka katikati ya Agosti hadi karibu na mwisho wa Novemba. Tangi lilelile, familia ileile, na tofauti yote imetokana na siku ya kufungua koki.

Tuta la kiangazi huzamishwa

Wakati wa masika tunainua matuta ili maji yasituame. Wengi wetu tunaendelea hivyo hata kiangazi, na hilo ni kosa. Tuta lililoinuka hukaushwa na jua na upepo kutoka pande zote. Kiangazi tuta lizamishwe: lichimbwe na kusawazishwa kiasi cha sentimita 10 hadi 15 chini ya usawa wa uwanja, na udongo wa juu upangwe kando kama ukingo. Maji hukaa ndani, na upepo hupita juu.

Hatua zake ni hizi:

Kwanza, chimbeni kwa kina cha jembe moja na nusu, mkiweka udongo mweusi wa juu upande mmoja. Kazi hii ifanyike Aprili, ardhi ikiwa bado laini. Mwezi wa Julai udongo wa Kihesa ni kama tofali.

Pili, changanyeni udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri au mboji, debe 1 hadi 2 kwa kila mita mraba, kisha mrudishe. Samadi mbichi huunguza miche na kuleta wadudu. Samadi haitoi rutuba peke yake. Hushika maji pia, na kwa kiangazi hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Tatu, mkishapandikiza funikeni udongo kwa majani makavu, mabua yaliyokatwakatwa au maganda ya maharage, unene wa sentimita 5 hadi 8. Acheni nafasi ya vidole vinne kuzunguka kila shina, kwani mchwa wa kwetu hupenda majani makavu na wakiyafuata hadi shinani watakula na mche. Kusanyeni majani hayo Mei kabla hayajachomwa moto. Tunasikitika kila mwaka kuona watu wakichoma Juni kitu watakachokihitaji Septemba.

Nne, wekeni ua. Iringa tuna mianzi, hiyo hiyo inayotupa ulanzi. Mianzi iliyopasuliwa na kufumwa huzuia kuku na mbuzi, na pia hupunguza nguvu ya upepo wa Oktoba. Bustani isiyo na ua ni lishe ya kuku.

Wenye matuta machache wanaweza pia kutumia njia ya zamani ya chungu. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kama vile vinavyofinyangwa na Wakisi wa Matema kule Ziwa Nyasa, hufukiwa hadi shingoni katikati ya miche, hujazwa maji na kufunikwa. Maji hupenya polepole na mizizi huyafuata. Hata chungu chenye ufa kilichoachwa kupikia hufaa, ila ufa usiwe mkubwa. Asiye na chungu atoboe kwa sindano chupa ya maji ya lita moja na nusu na kuifukia karibu na mche.

Nini kipandwe, na lini

Machi na Aprili: Andaeni kitalu. Sieni sukuma wiki, figiri, chainizi na kabichi. Miche hukaa kitaluni kama wiki 4. Chimbeni matuta.

Mei: Pandikizeni jioni. Udongo bado una unyevu, nao utaibeba miche hadi ishike. Huu ndio mwezi wa kuamua. Aliyepandikiza Mei anaingia baridi akiwa na mizizi. Aliyengoja Julai anaanza na ardhi kavu.

Juni hadi Agosti: Ni wakati wa mboga za baridi: sukuma wiki, figiri, kabichi, spinachi, karoti na vitunguu. Mwagilieni asubuhi jua likishatoka, si usiku, ili majani yasilale na maji wakati wa baridi. Ndugu wa Uyole na Njombe, ambako baridi huweza kuunguza majani, funikeni miche michanga kwa nyasi usiku. Mwanzoni mwa Agosti sieni tena miche michache ya sukuma wiki ili kuziba mapengo.

Septemba hadi Novemba: Sukuma wiki iliyotunzwa inaendelea. Ongezeni mboga zinazovumilia joto: mchicha, mnafu, matembele na majani ya maboga. Mchicha huwa tayari kwa wiki 3 hadi 4. Mwagilieni jioni jua likishapungua, maji yapate usiku mzima wa kupenya.

Katika kuchuma, chukueni majani ya chini na kuacha manne au matano ya juu. Mama akichuma hadi kileleni kwa sababu mgeni amefika, mche huo utachukua wiki kadhaa kujirudi. Kama mna mboga nyingi Julai, kaushieni akiba. Majani ya kunde na mnafu yachovywe kidogo kwenye maji yanayochemka, kisha yaanikwe kivulini penye hewa, juu ya kichanja na chini ya kitambaa chepesi. Jua kali linaharibu vitamini A.

Kuhusu wadudu, kiangazi huleta zaidi kimamba na utitiri, na kwenye kabichi viwavi wanaotoboa majani. Pitieni tuta kila asubuhi, geuzeni majani, pondeni kwa vidole. Kimamba huondoka kwa maji yenye sabuni ya kipande kidogo. Majivu makavu yanyunyizwe kidogo kuzunguka miche. Wanaopanda nyanya wajue kwamba yule nondo anayeitwa kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014, amekuwa adui mgumu, na dawa zake nyingi zina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa ya nyanya au mahindi isipigwe kamwe kwenye mboga itakayochumwa kesho kwa ajili ya mtoto. Kwa tuta la mita 4 vidole vinatosha.

Kutoka tutani hadi kwenye sahani ya mtoto

Tumewahi kukuta tuta zuri sana mwezi wa Oktoba, na mtoto wa nyumba hiyo bado anakula ugali na mchuzi mtupu. Mboga zote zilikuwa zikiuzwa. Hatumlaumu mama. Mwenye shida ya fedha huuza anachonacho. Lakini tuliamua tangu hapo kuzungumza juu ya sahani, si juu ya tuta peke yake.

Tunashauri familia ikubaliane mapema, baba na mama pamoja: mtoto na mama mjamzito au anayenyonyesha kwanza, wengine nyumbani pili, soko tatu. Mboga za majani ya kijani iliyokolea zina vitamini A na madini ya chuma. Zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa muda mfupi, maji yake yasimwagwe, na ziongezwe mafuta kidogo au karanga zilizotwangwa, kwa sababu vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Kwa mtoto wa miezi 6 na kuendelea zipondwe pamoja na ugali laini au viazi, na maziwa ya mama yaendelee. Ziongezewe maharage, dagaa au yai kadiri familia inavyoweza. Mboga za majani peke yake hazitoshi.

Ni nani atakayebeba ndoo

Bustani nyingi hufa si kwa kukosa maji bali kwa kukosa mikono. Mama tayari anateka, anapika, analea na kuuza. Tukimwongezea tuta bila kumpunguzia kitu, tumemwongezea mzigo, na mzigo huo ukimfanya achelewe kumlisha mtoto, tumeharibu tulichotaka kujenga. Tena mtoto wa kike asikose kipindi shuleni kwa sababu ya kumwagilia. Ikifika hapo, tuta ni kubwa mno na lipunguzwe.

Kuchimba, kujenga ua na kuweka mfereji wa paa ni kazi za kina baba na vijana. Tunaomba wenyeviti wa jumuiya walitamke hili wazi katika mikutano. Mahali ambapo baba amechimba tuta, tumeona hata yeye hupita kulitazama.

Tusihamie mtoni

Kiangazi kikikaza, wengi hufikiria bonde. Wazee wetu wa Kihehe walikuwa na vinyungu, vile vishamba vya mabondeni vilivyolimwa wakati wa ukame, na viliokoa nyumba nyingi. Lakini watu wameongezeka na maji yamepungua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuleta madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mto Ruaha Mdogo unaopita Iringa huingia Ruaha Mkuu na kuelekea bwawa la Mtera. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa. Kamati isianzishe mradi wa bondeni bila kuonana kwanza na afisa kilimo wa kata na viongozi wa mtaa. Tuta la jikoni linalotumia maji ya kusuuzia vyombo halimnyimi maji mtu yeyote aliye chini ya mto.

Kwa kamati na kwa wafadhili

Kwa kamati: tembeleeni nyumba mara 3. Mei, muone kama tuta limechimbwa na kupandwa. Agosti, muone kama tangi bado limejaa na miche ya kuziba mapengo ipo. Oktoba, muhesabu. Mkihesabu Oktoba msihesabu matuta. Ulizeni: katika siku 7 zilizopita, mtoto wa nyumba hii amekula mboga za majani siku ngapi? Andikeni namba hiyo, hata kama ni sifuri. Kisha ulizeni sababu, bila ukali.

Kwa wafadhili: tunawashukuru kwa kila mfereji na kila mbegu. Tunaomba mtusaidie pia katika mambo yasiyopendeza kwenye picha. Nauli ya mwezeshaji mwezi wa Septemba na Oktoba ina faida kuliko semina kubwa ya Juni. Simtanki 10 za lita 1,000 kwenye nyumba 10 zenye watoto wadogo zina faida kuliko tangi moja kubwa kwenye uwanja wa parokia, ambalo wenye nyumba za mbali hawatalifikia kila jioni. Nanyi mtakapopokea taarifa yetu ya Oktoba, namba zake zitakuwa ndogo kuliko zile za Juni mlizozizoea. Tunaomba mzipokee hivyo. Ndizo zitakazotuonesha mahali pa kuanzia mwaka unaofuata.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni nyumba ngapi zenye mtoto wa chini ya miaka 2 au mama mjamzito? Tunawajua?

2. Mwaka uliopita mboga ziliisha mwezi gani nyumbani kwetu? Kwa nini?

3. Baada ya zoezi la siku 3, kila nyumba ilipata lita ngapi? Zinatosha tuta la ukubwa gani?

4. Ni kazi gani ya bustani ambayo kina baba na vijana wa jumuiya yetu wataifanya kabla ya Mei kuisha?

5. Je, yupo mjane, mzee au mlezi wa yatima ambaye tuta lake tunaweza kulichimba kwa pamoja Jumamosi moja?

6. Nani atarudi kuhesabu mwezi wa Oktoba? Aandikwe jina leo.

Tunawatakia kiangazi chema. Mwenyezi Mungu, aliyemweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza, azibariki kazi za mikono yenu, na watoto wetu wakue.